Rili Haipigwi kwa Damu

Swali limerudi tena, safari hii kutoka kwa msomaji anayejifunza fidla ughaibuni: "Mwalimu, mimi si Mwayalandi na sina hata babu wa huko. Hizi rili na jigi zao, nikizipiga zitatoka kweli?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi mno, na karibu kila muulizaji huwa ameshajijibu moyoni kwamba hazitatoka. Leo nataka tulimalize.

Imani yenyewe inasema muziki wa dansi wa Ayalandi, rili na jigi zikiwemo, umo katika damu na udongo wa Ayalandi, na aliye mbali hubaki kuiga tu. Wanaoieneza huisema kwa upole, na ndiyo maana inadhuru. Mwanafunzi akiteleza kwenye mdundo, badala ya kutafuta kosa mkononi anakwenda kulitafuta kwenye ukoo.

Mchukueni mpiga fidla Michael Coleman. Alizaliwa kaunti ya Sligo mwaka 1891, akahamia Marekani 1914, na kuanzia 1921 akawa anarekodi santuri New York. Santuri hizo zilivuka bahari kurudi nyumbani, na wapiga fidla wa kaunti nyingine, waliokuwa na mitindo yao waliyoirithi, wakaanza kupiga kama yeye. Sasa nijibiwe: kama mtindo hukaa katika damu na udongo, santuri kutoka New York iliwezaje kuwabadilisha watu ambao hawakuwahi kutoka kijijini kwao? Waliusikia, wakaurudia mpaka ukawakaa mkononi. Basi. Tena fungu lake mojawapo mashuhuri la mahadhi, ambalo hadi leo watu hulipiga kwa mpangilio aliouweka yeye, linaanza na The Tarbolton, rili yenye asili ya Uskoti.

Hata vitabu vyao vikuu vilitoka mbali. Francis O'Neill, mzaliwa wa kaunti ya Cork, alikuwa mkuu wa polisi wa Chicago kati ya 1901 na 1905. Alikusanya mahadhi kutoka kwa wahamiaji wenzake, akachapisha vipande 1,850 mwaka 1903, kisha mwaka 1907 akatoa kitabu cha dansi peke yake chenye vipande 1,001. Vizazi vya wapigaji ndani ya Ayalandi vimejifunza kutoka vitabu vya Chicago.

Najua nitakavyojibiwa: hao wote ni Waayalandi, wawe New York au Chicago. Vema, tuutazame muziki wenyewe. Rili ilitoka Uskoti. Polka, ambayo watu wa mpakani mwa kaunti za Kerry na Cork huipiga kama mali yao ya asili, ilitoka Bohemia. Konsetina ilibuniwa Uingereza na Charles Wheatstone. Bouzouki ya Kigiriki iliingia miaka ya 1960 tu, na leo hakuna anayeishangaa. Banjo mizizi yake ni kwa Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki. Na filimbi nzuri ya mbao unayoisikia kaunti za Clare au Galway, mara nyingi imechongwa kwa mpingo, mti wa misitu ya kusini mwa Tanzania na Msumbiji. Anayedai usafi wa damu katika muziki huu aanze kwa kuvitoa nje vitu hivyo vyote, kisha atueleze kimebaki nini. Atueleze pia kwa nini maelfu ya watu waliozaliwa Dublin, wenye damu hiyohiyo, hawawezi kupiga hata jigi moja.

Kinachompungukia aliye mbali ni saa za kusikiliza. Rili huandikwa kwa noti nane za urefu sawa katika kila kipimo, lakini mpigaji mzuri hazipigi sawa: moja huivuta, nyingine huigusa tu na kuipita. Urefu na uzito huo haumo karatasini. Hushikwa kama mtoto anavyoshika lafudhi ya nyumbani kwao, kwa kukaa nayo kila siku. Hata shule ya muziki ya Willie Clancy pale Miltown Malbay, Ayalandi, inayofanyika kila kiangazi tangu 1973, ambayo namshauri kila mwenye nauli aende, haitamsaidia asiyesikiliza akirudi kwake.

Basi fanya hivi. Nunua filimbi ya bati ya ufunguo wa D. Ni rahisi na inatosha kwa mwanzo. Chagua mpigaji mmoja, msikilize miezi, usirukeruke. Jifunze kwa sikio kwanza, karatasi iwe ya kukumbushia. Anza na jigi, uzipige polepole, mguu ukigonga. Madoido yasubiri mpaka mdundo usimame. Jirekodi ujisikilize. Jifunze hatua chache za dansi, maana mahadhi haya yalitungwa kwa ajili ya miguu. Tafuta mwenzako mmoja, wawili mnatosha. Ukikuta baraza la wapigaji, sikiliza kabla ya kutoa chombo, na ngoma ya bodhrán isizidi moja kwa wakati mmoja.

Na mwalimu akikwambia huwezi kwa sababu ya ulikozaliwa, tafuta mwalimu mwingine.