Chokoleti ya Noeli Kutoka Jikoni Mwetu



Sikukuu ya Noeli inapokaribia, watoto wa Bukavu huanza kuwauliza wazazi wao maswali mengi. Je, tutavaa nguo mpya? Je, kutakuwa na wali na nyama? Je, tutakula bombo? Maswali hayo ni mepesi kwa mtoto, lakini ni mazito kwa mzazi asiye na kitu mfukoni. Mwezi wa Februari 2025 vita viliingia katika mji wetu, mabenki yakafungwa, na nyumba nyingi zikabaki bila mshahara. Baba aliyezoea kuingia dukani siku ya mkesha na kununua chokoleti iliyotoka Ulaya, sasa alipita mlangoni bila kutazama ndani.

Ndiyo sababu tuliketi pamoja na akina mama wa shirika moja la Kadutu, tukajaribu kupika chokoleti kwa mikono yetu wenyewe, juu ya mbabula, kwa vitu vinavyopatikana sokoni. Leo tunawaelezeni jinsi tulivyofanya, na jinsi tulivyokosea kwanza, ili ninyi msipate hasara ile.

Kakao ni ya nani?

Watu wengi hudhani kwamba chokoleti ni chakula cha Wazungu. Sivyo. Mti wa kakao asili yake ni Amerika, na wenyeji wa Meksiko walikuwa wakinywa kakao zamani sana, kabla Wahispania hawajafika kwao. Kinywaji hicho kilipoenea Ulaya, Wakristu wakaanza kuulizana kama mtu aliyefunga aruhusiwa kukinywa. Mwaka 1664 Kadinali Brancaccio alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo huko Roma, akafundisha kwamba kinywaji hakivunji mfungo. Chokoleti ya kutafuna ilikuja nyuma sana: nyumba ya Fry ya Uingereza iliitengeneza mwaka 1847. Na zile chokoleti ndogo zenye kitu kitamu ndani, ambazo Wabelgiji hujivunia, zilianzishwa na Jean Neuhaus mjini Bruxelles mwaka 1912.

Lakini siku hizi kakao ni mali yetu pia. Inalimwa Beni, chini ya milima ya Rwenzori, na Mambasa katika Ituri. Huko Mutwanga, Hifadhi ya Virunga ilianzisha kiwanda cha chokoleti kinachotumia umeme wa maji ya mlimani. Mwezi wa Desemba 2024 tani moja ya kakao ilipita dola 12,000 katika soko la New York, hali mwanzoni mwa mwaka 2023 ilikuwa chini ya dola 3,000. Baadaye bei ikashuka tena. Lakini mkulima wa Beni hana raha ya mali hiyo, kwa maana waasi wa ADF wamewaua watu wengi katika mashamba yao ya kakao. Kwa hiyo, tunapofungua kopo la kakao, tukumbuke kwamba nyuma ya unga ule kuna jasho la watu, na mara nyingine damu yao.

Vitu vinavyotakiwa

Tafuteni vikombe viwili vya sukari, yaani gramu 400. Maziwa, robo tatu ya kikombe (kama hamna maziwa mabichi, korogeni vijiko vitatu vya maziwa ya unga katika maji kiasi hicho hicho). Vijiko vinne vikubwa vya unga wa kakao usio na sukari. Vijiko viwili vya siagi. Chumvi kidogo sana. Na kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kumenywa.

Namna ya kupika

Changanyeni sukari, kakao na chumvi katika sufuria nzito, kisha mtie maziwa na kukoroga mpaka unga usionekane tena. Bandikeni sufuria juu ya makala yasiyo makali. Korogeni mpaka sukari iyeyuke yote na shira ianze kuchemka. Hapo acheni kukoroga. Mkiendelea kukoroga, sukari itarudi kuwa punje, na chokoleti itakuwa kama mchanga mdomoni.

Sasa twafika mahali tulipokosea. Kitabu chetu kilitoka Ulaya, nacho kilisema kwamba shira yapaswa kufika digrii 115. Tukaazima kipimajoto, tukangoja mpaka 115 kamili, tukaipua kwa furaha. Lo! Chokoleti ilikuwa ngumu kama jiwe. Tuliivunja kwa mchi, na watoto waliilamba tu.

Kitabu hakikusema uongo, ila kiliandikwa kwa ajili ya watu wakaao karibu na bahari. Bukavu ipo kwenye kimo cha mita 1,500 hivi. Hapa juu hewa ni nyepesi zaidi, nayo haiyakandamizi maji kwa nguvu ile ile. Kwa hiyo maji huchemka kwenye digrii 95 badala ya 100. Shira nayo hufuata njia hiyo hiyo. Inapofika 115 kwetu, imekwisha kupoteza maji mengi mno. Wanafunzi, shikeni jambo hili: kwa Bukavu, punguzeni digrii tano. Ipueni kwenye 110, au hata kabla kidogo.

Na asiye na kipimajoto asihuzunike, kwa maana yuko na chombo bora zaidi: kikombe cha maji baridi. Shira ikichemka dakika kumi hivi, dondosheni tone moja ndani ya maji. Likitawanyika, bado. Likifanya kidonge laini kinachobonyea kati ya vidole, ipueni mara moja. Kidonge hicho hakidanganyi, wala Bukavu wala Uvira.

Tieni siagi juu yake, msikoroge, mkaache kando. Hapa ndipo watoto huanza kusumbua, lakini haraka haraka haina baraka. Ngojeni mpaka mweze kushika sufuria kwa kiganja bila kuungua. Ndipo mkoroge kwa mwiko kwa nguvu zote, mkipokezana, mpaka chokoleti ianze kuwa nzito na kupoteza mng'ao wake. Tieni karanga upesi, mimineni katika sinia iliyopakwa siagi, na kabla haijakauka kateni mistari kwa kisu, mitano huku na mitano huku. Mtapata vipande 36. Baridi ya jioni ya Bukavu yatosha kuigandisha, hata umeme ukikatika.

Angalizo moja: shira ya moto hushikamana na ngozi na huunguza kuliko maji. Watoto wadogo wakae mbali na mbabula. Kazi yao ni kumenya karanga na kufunga vipande katika karatasi safi.

Tuliyoyaona siku ile

Kati ya akina mama wale alikuwamo mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Beni. Aliposikia harufu ya kakao alinyamaza. Kisha akatuambia kwamba kwao alivuna na kukausha kakao kwa miaka mingi, akaiuza kwa kilo, asijue kamwe ladha ya chokoleti. Mama Mkubwa wa shirika akachukua kipande cha kwanza, akampa kwa mikono miwili, akasema: «Karibu, dada. Wewe ndiwe mwenyeji wa chakula hiki, sisi ni wageni wako.»

Yule mama alikula nusu. Nusu nyingine aliifunga katika pembe ya kitenge, akaenda nayo kwa mwanawe.

Basi, ndugu wasomaji, hatuwaambii kwamba chokoleti inaondoa shida. Twawaambia tu kwamba sikukuu haiuzwi dukani. Kateni vipande vyenu 36, na kabla ya kuvigawa nyumbani, tengeni vichache kwa ajili ya jirani ambaye mbabula yake haikuwashwa. Noeli njema kwenu nyote.