Tegemeo si Tegemezi

Katika tafsiri nyingi, programu ambayo nyingine haiwezi kufanya kazi bila ya hiyo huitwa "tegemezi". Hapo maana imepinduliwa: mtoto ndiye tegemezi, mzazi ndiye tegemeo. Hivyo NumPy, maktaba huria ya hesabu, ni tegemeo la pandas, na lugha ya Python ni tegemeo la zote mbili. Ofisi ikiagizwa ibadilishe "tegemezi" yaweza kugusa programu isiyohusika.

Wenye programu nao hulazimika kuamua ni matoleo yapi ya mategemeo wayahudumie. Mwaka 2019 wenye NumPy walipendekeza kipimo cha muda: matoleo ya Python ya miezi 42 iliyotangulia, na ya NumPy ya miezi 24. Kurudi nyuma zaidi ni kuzidisha majaribio. Kuyaacha upesi ni kuwatupa wasioweza kubadili mitambo yao mara kwa mara.

Tumesema "kuhudumia" kwa makusudi. "Kuunga mkono" kunafaa hoja na wagombea. Toleo lisilohudumiwa halikupigwa marufuku, na pengine bado lafanya kazi. Ila kasoro ikigunduliwa, hakuna aliyeahidi kuirekebisha.