Mkia wa Neno na Mtendaji

Kiswahili kina uwezo wa kulitwaa jina au sifa, kikatia mkia mfupi, pakazuka kitendo. Safi huzaa safisha, laini, lainisha, taifa, taifisha, neno walilolisikia sana Watanzania mwaka 1967, serikali yao ilipoyatwaa mabenki. Aghalabu irabu ya mwisho hupisha, na mkia hufuata irabu iliyobaki: fupi ina u, basi ni fupisha, bora ina o, basi ni boresha.

Waliosoma sarufi ya Kiarabu wanaijua njia nyingine, ya kuitia shadda herufi ya kati: harrama, sahhaha. Sisi tumezipokea sifa, haramu na sahihi, kisha tukaunda haramisha na sahihisha kwa mkia wetu wenyewe.

Lakini mikia haifanani, na hapa ndipo pa kuangalia majumbani mwetu. Mkia wa -ika hueleza hali iliyomfika mtu, na humsitiri aliyeileta. Mkia wa -isha humtoa mbele. Ukisema mayatima wamefukarika, msikilizaji husikitika, akasema ni kadari. Ukisema wamefukarishwa, papo hapo atauliza: na nani? Ndivyo ilivyo kwa mke aliyedhalilika na mke aliyedhalilishwa. Wazee wanaoketi kusuluhisha ndoa (neno hilo nalo limezaliwa na suluhu) huyasikia yote mawili, na lile la kwanza hupendwa zaidi na jamaa za mume.

Si kila mara maana hufuata njia iliyonyooka. Kubahatika ni kupata bahati, ilhali kubahatisha si kumpa mwenzio bahati, bali ni kukisia, kama afanyavyo mwanafunzi asiyedurusu.

Zito zaidi ni halalisha. Mume achukuaye mshahara wa mkewe pasina ridhaa yake husemwa amejihalalishia. Litazameni neno hilo: ji- ni nafsi yake, halali ni sifa aliyoitaka, -ish- ni kukifanya kitu kiwe hivyo, na -i- inayofuata yaonyesha ni kwa manufaa ya nani. Fiqhi iko wazi kwamba mali ya mke ni yake, na mume huigusa kwa ridhaa ya mwenyewe. Na aya ya 116 ya Suratun Nahl imekwisha kuwatahadharisha watu juu ya ndimi zinazojitungia halali na haramu.