Mwaka mmoja hauzimi kila kesi ndogo

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, ugomvi wa mpaka wa shamba hufika kituo cha polisi upesi kuliko unavyomalizika mahakamani. Ardhi ni finyu, ndugu wamegawana urithi hadi vipande vidogo, na maneno makali penye ua yaweza kumfikisha mtu kizimbani Keroka au Ogembo. Wengi huamini kuwa mashtaka ya aina hiyo hufa yenyewe baada ya mwaka mmoja. Imani hiyo ina ukweli, lakini ukweli wenyewe ni mwembamba.

Kifungu cha 219 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai huzuia mahakama za chini kusikiliza kosa ambalo adhabu yake ya juu haizidi miezi 6 gerezani, au faini ya Sh1,000, au zote mbili, iwapo mashtaka hayakuwasilishwa katika miezi 12 tangu tukio, isipokuwa sheria nyingine imeruhusu muda mrefu zaidi. Kuzua fujo, kosa la miezi 6, limo humo. Kumpiga mtu bila kumjeruhi halimo, kwani adhabu yake hufika mwaka 1. Akiumia, ni miaka 5. Makofi mawili basi yaweza kumfuata mtu hadi uzeeni.

Linalosahaulika zaidi ni kwamba miezi hiyo huhesabiwa hadi siku ya kushtakiwa, wala si siku ya hukumu. Aliyeshtakiwa kwa wakati, akapewa dhamana kisha akatorokea Nairobi, hana kinga. Agizo la kumkamata hudumu hadi litekelezwe au mahakama ilifute.

Lililo salama kwake ni kujisalimisha kwa mahakama iliyolitoa, akiwa na wakili ikiwezekana, na kuomba lifutwe. Hapo anaweza kutaja Katiba ya 2010, ibara ya 50, inayotaka kesi ianze na kumalizika bila kucheleweshwa pasipo sababu. Katikati ya miaka ya 1980, Mahakama Kuu ilizuia kesi ya Stanley Githunguri kuhusu fedha za kigeni, miaka mingi baada ya yaliyodaiwa na baada ya kuambiwa faili zimefungwa.

Kwa ugomvi wa majirani, kifungu cha 176 humruhusu hakimu kuhimiza upatanisho. Mlalamishi akikubaliwa kuondoa malalamiko chini ya kifungu cha 204, mshtakiwa huachiliwa kabisa. Upande wa mashtaka ukiiondoa kesi chini ya kifungu cha 87 kabla ya utetezi, anaweza kushtakiwa upya.