Ukuta Hulinda Kilo, Geti Hulinda Tani

Nondo moja ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, ina uzito wa kilo 10.66. Nondo 94 zinatimiza tani moja. Mwenye yadi ya vifaa vya ujenzi anayejiuliza aweke wapi fedha zake za ulinzi na aanze na hesabu hiyo, kabla hajampigia simu fundi wa kamera au kampuni ya walinzi. Uzito ndio unaoamua mali itatoka kwa njia ipi, kwa muda gani na kwa msaada wa nani.

Tuchukue yadi ya mfano jijini Dar es Salaam: mita 50 kwa 50, ina nondo, mbao, jenereta mbili, mashine ya kuchanganya zege, nyaya na mapipa ya dizeli. Bei zilizomo humu ni za mfano, na kila mfanyabiashara aweke zake. Uzito na masharti ya sheria ni vya kweli.

Mwizi wa ukutani

Nondo ya mita 12 haibebwi na mtu mmoja gizani. Tuseme watu wawili wanabeba nondo 3 kwa safari, yaani kilo 32, na kila safari inachukua dakika 3: kuchomoa, kupitisha juu ya ukuta, kurudi. Kutoa tani moja kunahitaji safari 32, sawa na dakika 96. Wakiongezeka watu muda utapungua, lakini hautafutika.

Ndiyo maana doria ina thamani inayohesabika. Mlinzi anayezunguka kila baada ya saa moja anawaachia wezi hao safari 20, nondo 60, kilo 640. Akizunguka kila baada ya dakika 20 anawaachia safari 6, nondo 18, kilo 192. Mshahara ni uleule, na mali inayoweza kupotea kati ya doria mbili imepungua kwa asilimia 70. Mzingo wa yadi yetu ni mita 200, ambazo mtu anazimaliza kwa dakika 4 za mwendo wa pole. Kinachotakiwa ni kubadilisha nyakati, ili anayemvizia asijue ameondoka lini na atarudi lini.

Ukuta nao kazi yake ni kununua muda. Kufuli la kawaida hukatwa haraka, na seng'enge hufunikwa kwa gunia. Muda huo una faida ikiwa kuna mtu amekwishagundua kuwa wezi wapo. Ukuta mrefu usio na jicho la kuutazama humfaa mwizi pia, kwa kuwa humficha asionekane na majirani.

Umbo la kiwanja linaingia kwenye gharama. Kiwanja cha mita 25 kwa 100 kina eneo lilelile la mita za mraba 2,500, lakini mzingo wake ni mita 250, nyongeza ya robo nzima. Ukitoa geti la mita 5, yadi yetu ya mraba inahitaji ukuta wa mita 195. Kwa shilingi 150,000 kwa mita, pamoja na msingi na nguzo, hiyo ni milioni 29.25. Ukiugawa kwa miaka 15, ukuta unagharimu karibu milioni 1.95 kwa mwaka.

Mlinzi mmoja hawezi usiku saba

Dar es Salaam usiku ni wa karibu saa 12 mwaka mzima. Usiku saba ni saa 84. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na inamtaka mwajiri atoe mapumziko ya kila wiki. Kwa hiyo yule mlinzi anayelala getini Jumatatu hadi Jumapili kwa mshahara mmoja anavunjiwa sheria. Zaidi ya hapo, mtu wa namna hiyo hawezi kuwa macho saa tisa usiku wa siku ya sita. Tajiri anayedhani ameokoa mshahara mmoja amenunua usingizi.

Walinzi wawili wanaopokezana wanapata saa 42 kila mmoja kwa wastani. Sheria hiyo inaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, zamu ya hadi saa 12 bila malipo ya saa za ziada, mradi siku za kazi zisizidi 5 kwa wiki. Hesabu inakaa sawa.

Tuseme kila mmoja analipwa 400,000 kwa mwezi. Ongeza asilimia 10 ya mwajiri ya NSSF na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: inakuwa 442,000. Kwa watu wawili na miezi 12, ni 10,608,000. Sheria inadai pia nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Hizo ni saa 10 kati ya 12 za zamu, sawa na karibu 400,000 kwa mwaka kwa wote wawili. Kila mmoja ana likizo ya siku 28, ambayo ndani yake mna zamu 14. Zamu 28 za mtu wa kushikiza, kwa 25,000, ni 700,000. Jumla ni milioni 11.7.

Taa ni nafuu. Taa 8 za LED za wati 50 zikiwaka saa 12 zinakula uniti 4.8 kwa usiku, au 1,752 kwa mwaka. Kwa takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, ni kama 624,000. Taa zimulike ukuta na njia ya doria, zisimpige mlinzi machoni.

Chini ya asilimia moja ya yadi

Si kila kitu kina uzito wa nondo. Mita 100 za waya wa shaba wa milimita za mraba 16 zina shaba ya kilo 14. Dumu la lita 20 likijaa dizeli lina mafuta ya kilo 17 hivi. Betri ya lori hubebwa na mtu mmoja. Mali ya aina hii haihitaji dakika 96. Safari moja inatosha.

Kontena la futi 20 lina sakafu ya karibu mita za mraba 14, ambazo katika yadi ya mita 2,500 za mraba ni asilimia 0.6. Nyaya, betri, pampu, mashine za mkono na madumu matupu vyote vinaingia humo. Dizeli yenyewe ikae mbali nalo, kwenye tangi lenye kifuniko cha kufuli. Kontena likiwekwa mlango wake ukitazama ukuta au kontena jingine kwa karibu, halifunguki mpaka lisogezwe, na kulisogeza kunataka mashine. Likinunuliwa kwa milioni 6 na kutumika miaka 10, linagharimu 600,000 kwa mwaka.

Hapo pia pana hasara isiyoonekana kwenye bei ya kitu. Betri ya mashine ya zege ikiibwa, vibarua 12 wa 25,000 wanakaa bila kazi, na siku hiyo moja inagharimu 300,000 juu ya bei ya betri.

Getini

Tumemwona mwizi wa ukutani akihangaika na nondo 3 kwa safari. Sasa litazame geti. Kenta inayobeba tani 3.5 inachukua nondo 328 kwa mara moja, mchana kweupe, ikiwa na dereva anayefahamika na karatasi mkononi. Mpakiaji akiongeza nondo 10, mzigo unazidi kwa asilimia 3. Hakuna jicho linaloweza kuona tofauti hiyo kwa kutazama tu.

Kenta mbili za namna hiyo kwa wiki ni nondo 20. Kwa wiki 52 ni nondo 1,040, yaani tani 11. Wale wawili wa ukutani wangehitaji safari 347 usiku kutoa mzigo huo. Kwa 25,000 kwa nondo, ni milioni 26, zaidi ya mara mbili ya gharama ya walinzi wote wa mwaka. Ikiwa faida halisi ya biashara ni asilimia 8 ya mauzo, mwenye yadi atalazimika kuuza bidhaa za milioni 325 kuziba pengo hilo peke yake.

Bima haimwokoi. Bima nyingi za wizi wa kuvunja hutaka dalili kwamba mtu ameingia kwa nguvu, na upungufu unaogunduliwa wakati wa kuhesabu stoo bila dalili hizo hauingii. Polisi watakupa RB, yaani namba ya taarifa yako, lakini watauliza kitu kilipotea siku gani. Usiyehesabu utajibu nini?

Dawa ni utaratibu. Nondo zifungwe kwa mabunda ya 50, ili nondo 400 ziwe mabunda 8 yanayohesabika kwa kupita tu. Anayepakia asiwe ndiye anayeandika. Mtunza stoo ahesabu wakati wa kupakia, mfanyakazi mwingine anayeshika geti mchana ahesabu upya kabla ya kufungua, na namba zote mbili zifanane na za risiti na hati ya mzigo. Huyo wa getini asiripoti kwa mtunza stoo, bali kwa mwenye mali moja kwa moja. Kila wiki stoo ihesabiwe yote. Nusu siku ya kazi kwa 20,000 ni 1,040,000 kwa mwaka, yaani shilingi 4 za kulinda kila shilingi 100 katika zile milioni 26.

Kamera husahau

Kamera 4 zinazorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde kila moja zinajaza gigabaiti 86 kwa siku. Diski ya terabaiti moja inajaa kwa siku 11 na nusu, kisha inafuta za zamani na kuandika upya. Yadi inayohesabu stoo kila mwisho wa mwezi itagundua upungufu wakati picha za tukio zimefutika. Diski ya terabaiti 2 inafika siku 23, na hesabu ya kila wiki inaangukia ndani ya muda huo bila shida. Mfumo wa milioni 2 ukidumu miaka 5 unagharimu 400,000 kwa mwaka. Kamera ya kwanza ielekezwe getini, pale mzigo unapohesabiwa.

Alama kwenye mali nazo zina kazi yake. Mwizi huuza kwa kilo, na mnunuzi wa vyuma chakavu ndiye anayeufanya wizi ulipe. Kenya ina sheria ya vyuma chakavu tangu 2015, lakini Januari 2022, baada ya nguzo za laini ya umeme ya Kiambere–Embakasi kuanguka na nchi kukosa umeme, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa huku hujuma kwa miundombinu zikitajwa kuwa sababu. Mfanyabiashara hana amri ya rais. Ana kopo la rangi. Nondo zilizopakwa rangi yake ncha zote mbili humtia mnunuzi wasiwasi na humpa polisi kitu cha kushika.

Ukubwa unaamua

Jumlisha: walinzi milioni 11.7, ukuta 1.95, kuhesabu 1.04, taa 0.62, kontena 0.6, kamera 0.4. Ni milioni 16.3 kwa mwaka. Kwa yadi yenye mali ya milioni 300, hiyo ni asilimia 5.4. Kwa yenye mali ya milioni 30 ni asilimia 54, gharama inayoua biashara kabla mwizi hajafika.

Aliye mdogo atafute majirani. Yadi nne za mita 50 kwa 50 zikipakana zinafanya mraba wa mita 100 kwa 100: eneo ni mara nne, mzingo wa nje ni mara mbili tu. Hata zikiweka walinzi wawili kila usiku kwa milioni 23.4, kila yadi inachangia milioni 5.85, nusu ya gharama ya walinzi ya yadi inayojilinda peke yake.

Na asiyeweza hata hilo asianze na ukuta. Aanze kuhesabu wiki hii, ateue wawili kati ya watu alio nao wahesabu getini, afungie shaba na betri kwenye kontena, awashe taa. Vitu hivyo, pamoja na rangi, havifiki milioni 2.5 kwa mwaka, na vinagusa njia inayotoa tani. Kisha hesabu za miezi mitatu zitamwonyesha kama mali yake inapotea usiku au mchana, na hapo atajua shilingi inayofuata aipeleke wapi.