MIMBA INA TAREHE: Andaa duka lako kabla hujajifungua

Leo naongea zaidi na wadada wenye duka, genge, mgahawa au meza ya mitumba, ambao wana mimba au wana mtoto mchanga. Kina kaka msipite, duka la mke wako ndo linasaidia kulisha nyumba.

Mwenzetu aliyeajiriwa hapa Tanzania ana sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Mimi na wewe hatuna bosi. Ukikaa nyumbani wiki sita bila mpango, mtaji ndo unakulipa mshahara. Leo unatoa 5,000 ya mboga, kesho 10,000 ya pampasi, ukirudi dukani shelfu zimebaki wazi. Kwa ninavyoona mtaani, duka la mama halifi siku ya kujifungua. Linakufa taratibu, miezi miwili mitatu baadaye.

Uzuri ni kwamba mimba haiji ghafla kama moto wa soko. Kadi yako ya kliniki ina tarehe ya makadirio. Unavyojipanga na Ramadhani au shule kufunguliwa Januari, jipange na hii vilevile.

1. KLINIKI KWANZA, DUKA BAADAYE

Shirika la Afya Duniani linashauri uanze kliniki kabla ya wiki 12, na uhudhurie angalau mara 8. Wengi tunachelewa kwa kuogopa kupoteza mauzo ya asubuhi. Bandika karatasi mlangoni, "Leo nafungua saa 7 mchana", wateja watarudi.

Zipo dalili ambazo ukiziona unafunga hapohapo na kwenda hospitali: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, kuvimba uso na mikono, homa kali, maji kutoka kabla ya muda, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Hapo usisubiri jioni ufunge hesabu.

Vidonge vya kuongeza damu meza kwa maji. Chai inazuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini, na sisi wa dukani chai tunakunywa kutwa. Na ule udongo wa pemba tunaouza, usiule. Unaweza kuwa na minyoo na madini yenye sumu. Ukiona unautamani sana, mwambie nesi akupime damu.

2. JILIPE LIKIZO MWENYEWE

Kuanzia mwezi wa tatu wa mimba, toa 2,000 kila siku unayofungua duka. Siku 26 kwa mwezi ni 52,000. Miezi sita ni 312,000. Hiyo hela iweke kwenye kibubu au laini nyingine, isikae kwenye droo ya duka. Igawe mafungu matatu: kujifungua (usafiri, kanga, vifaa utakavyoambiwa ununue), chakula cha nyumbani mpaka arobaini, na malipo ya mtu atakayeshika duka. Kama 2,000 ni kubwa kwako, toa 500. Muhimu iwe kila siku.

3. PUNGUZA MZIGO

Kiroba cha kilo 50 siyo chako tena, na kreti za soda pia. Mpe kijana wa bajaji 1,000 akuingizie ndani. Weka stuli nyuma ya kaunta, ukikaa miguu iinue kidogo.

Mzigo wa duka nao upunguze. Kuanzia mwezi wa saba usinunue bidhaa zinazolala. Baki na vinavyotoka kila siku: unga, mchele, sukari, mafuta, sabuni, chumvi. Anza kukusanya madeni mapema na ufunge daftari la mkopo. Ukiwa kitandani hakuna wa kumfuata mdaiwa.

4. MTU WA KUSHIKA DUKA

Mlete mwezi mmoja kabla, akae na wewe ajifunze. Hata kama ni mdogo wako wa damu, mfanyie haya:

- Andika bei za kila kitu kwenye karatasi na uibandike ndani.
- Hesabuni mali pamoja, wote msaini.
- Kila wiki pigeni hesabu: mali ya mwanzo, jumlisha mliyonunua, toa iliyobaki. Jibu ndo iliyotoka. Izidishe kwa bei ya kuuzia, uangalie kama inalingana na hela. Hivi hakuna kumshuku mtu bure.
- Kama una uwakala wa pesa, namba ya siri usimpe mtu. Bora usimamishe hiyo huduma kwa muda.

5. MTOTO AKIWA DUKANI

Miezi sita ya kwanza mtoto anahitaji maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Ukimwacha nyumbani, kamua maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko. Nje ya friji yasizidi saa 4, na anyweshwe kwa kikombe safi.

Chanjo zina wiki zake: akizaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Ziandike kwenye kalenda ya duka leo hii, usifuate mzigo siku hizo.

Akianza kutambaa, duka linageuka hatari. Mafuta ya taa usiyaweke kwenye chupa ya maji au ya soda, mtoto anajua ni kinywaji. Akiyanywa usimtapishe, maana yanaweza kuingia kwenye mapafu, mkimbize hospitali. Sumu ya panya, betri ndogo za saa, sarafu na mifuko ya nailoni viwe juu.

6. WEWE MWENYEWE

Kulia na kuchoka siku za kwanza ni kawaida. Ila ukiona wiki mbili zimepita huna hamu ya kitu, usingizi hauji hata mtoto akilala, au unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, siyo uvivu wala siyo kurogwa. Ni ugonjwa na unatibika. Mwambie mtu wa karibu na uende kituo cha afya. Mawazo ya kudhuru yakija, nenda siku hiyohiyo.

Na wewe baba mtoto, ukitaka kusaidia, usitoe tu hela ya uzazi. Shika duka Jumamosi mama alale.

Kazi ya leo: chukua kadi yako ya kliniki, hesabu wiki zilizobaki, zidisha na hela utakayotoa kwa wiki, andika jibu nyuma ya daftari la mauzo. Kama una rafiki mjamzito mwenye biashara, mtumie hii kabla hajafika mwezi wa saba.