Ganzi Iko Kidole Kipi?

Pamba ikipasuka Meatu, mikono haipumziki. Msimu wa kuvuna ukifika, ukitoka Mwanhuzi kuelekea vijijini utawakuta kina mama shambani tangu umande haujakauka, kitenge kimefungwa kiunoni kama mfuko, vidole vitatu vikichomoa pamba kwenye vitumba vilivyokauka na kuwa na ncha kama miiba. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vinabana, vinachomoa, vinabana tena, hadi jua linapokuwa kali. Mkoa huu wa Simiyu unaongoza nchini Tanzania kwa pamba, na sehemu kubwa ya pamba hiyo imepita katika vidole hivyo.

Usiku wa manane mmoja wao anaamka. Vidole vilevile vitatu vimekufa ganzi na kiganja kinawaka kama kimeshika pilipili. Anaketi kitandani, anakung'uta mkono kama mtu anayekung'uta maji, ganzi inapungua, analala. Asubuhi akisimulia, majibu yako tayari: damu haitembei, ni upepo mbaya, kuna mtu amemfanyia kitu. Duka la dawa litamuuzia vidonge vya vitamini B vya wiki mbili. Katika mlolongo huo wote hakuna aliyemuuliza swali la kwanza kabisa: ganzi iko kidole kipi?

Swali hilo lina uzito kuliko kidonge chochote, kwa sababu ganzi ya mkono ina ramani. Mshipa mmoja wa fahamu unapita katikati ya kifundo cha mkono, ndani ya kijia chembamba chenye mifupa chini na utepe mgumu juu, ukibanana na kano tisa zinazokunja vidole. Huo ndio unaohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Kano zikivimba kwa kazi ya kubana kutwa nzima, mshipa unakosa nafasi. Mshipa mwingine unapita nyuma ya kiwiko, pale ambapo ukijigonga kwenye ukingo wa meza unahisi umeme hadi kidole cha mwisho. Huo unahudumia kidole cha mwisho na nusu iliyobaki ya kidole cha pete. Ndiyo maana kidole cha pete ni shahidi mzuri sana. Kikifa ganzi upande mmoja tu, kimeshakuambia ni mshipa gani una shida.

Kuna jaribio la dakika moja lililopewa jina la daktari mpasuaji wa Marekani, George Phalen. Kutanisha migongo ya viganja viwili, vidole vikiangalia chini, uviache hivyo kwa sekunde 60. Ganzi ikija kwenye vidole vile vitatu kabla dakika haijaisha, shaka inaelekea kwenye kifundo. Si ushahidi kamili, lakini ni mwanzo mzuri kuliko kubahatisha. Tiba yake ya kwanza ni ya kawaida: kifundo kifungwe usiku kwenye kibao laini kisijikunje usingizini, na kazi ya kubana ipunguzwe kadiri maisha yanavyoruhusu. Mjamzito anayepata ganzi hiyo miezi ya mwisho mara nyingi hupona baada ya kujifungua. Lakini nyama ya chini ya kidole gumba ikianza kunywea, au vikombe vikianza kumponyoka mtu, ni wakati wa hospitali ya rufaa, ambako utepe ule unaweza kukatwa ili mshipa upate nafasi.

Hiyo ni ganzi inayopiga kelele. Ipo nyingine isiyomwamsha mtu usiku, na hiyo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mtu anaipua sufuria mafigani, jioni anakuta lengelenge kubwa kidoleni, wala hakumbuki kuungua. Kidole cha mwisho kinaanza kujikunja taratibu. Mgongoni au kwenye mkono kuna baka lililofifia rangi, haliwashi, haliumi, na kwa sababu haliumi halijamsumbua mtu. Huo unaweza kuwa ukoma, ambao hupenda kushambulia mshipa wa pale kiwikoni hadi uvimbe na kushikika chini ya ngozi kama kamba.

Hapa pamba inarudi, safari hii mkononi mwa tabibu. Anachukua kipande kidogo cha pamba, anakisokota ncha iwe nyembamba kama utambi. Kwanza anamgusa mgonjwa akiwa anaangalia, ili aelewe. Kisha: "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "fumba macho. Kila nikikugusa, nioneshe kwa kidole nilipokugusa." Anagusa ngozi isiyo na baka, mama anaonesha. Anagusa bega, anaonesha. Anagusa katikati ya baka, mama ametulia, anasubiri kuguswa. Anagusa tena. Kimya. Hakuna mashine iliyotumika wala umeme uliohitajika, na katika wilaya inayolima pamba hakuna zahanati inayoweza kusema imekosa kifaa.

Kimelea cha ukoma kiligunduliwa mwaka 1873 na Mnorwe Gerhard Armauer Hansen. Kinakua polepole mno. Dalili huchukua wastani wa miaka 5 kujitokeza, na inaweza kufika hata miaka 20. Tanzania ina mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma tangu 1977, na mwaka 2006 ilishuka chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000. Ni kazi kubwa, lakini imezaa hatari mpya: kwa kuwa wagonjwa ni wachache, mhudumu kijana anaweza kukaa miaka mingi bila kuona hata mmoja, na anapomwona asimtambue. Dawa ni za bure, miezi 6 au 12 kulingana na aina, na mara tu mtu akianza kuzimeza hatari ya kuambukiza wengine inashuka haraka. Mshipa uliokufa ganzi chini ya miezi 6 bado unaweza kuokolewa kwa vidonge vya prednisoloni. Ukipita muda huo, mara nyingi hisia hairudi, hata kimelea kikiisha mwilini.

Ndiyo maana hofu ya zamani inaniumiza. Ukanda huu unakumbuka wagonjwa waliotengwa na koo zao, na kambi kama ya Bukumbi, Misungwi, iliyohifadhi wazee na watu walioathirika na ukoma. Mtu aliyekua akisikia habari hizo hufunika baka kwa nguo, na miezi 6 inapita akiwa kimya.

Swali la pili, baada ya kidole, ni miguu. Ganzi iliyoanza nyayoni na kupanda kama soksi, kisha ikaingia mikono yote miwili kama glavu, haitoki kwenye kifundo cha mkono. Apimwe sukari, maana kisukari ndicho mtuhumiwa wa kwanza. Aulizwe pombe. Aulizwe dawa anazomeza: isoniazidi ya kifua kikuu hupunguza vitamini B6 mwilini, na mgonjwa hapaswi kuiacha bali kurudi kliniki aongezewe vitamini hiyo. Lakini B6 hiyohiyo ikimezwa nyingi kwa muda mrefu huharibu mishipa na kuleta ganzi ileile aliyotaka kuiondoa, jambo ambalo wauza dawa wetu hawalisemi. Aulizwe pia kama alipiga dawa shambani kwa bomba linalovuja mgongoni. Baadhi ya sumu za jamii ya organofosfeti, mtu akiwa amezipata kwa wingi, huleta ganzi na udhaifu wiki mbili au tatu baadaye, wakati hakuna anayekumbuka siku ya kupiga dawa. Meatu hiihii ina wakulima wa pamba ya kilimo hai chini ya mpango wa bioRe, tangu 1994, wanaolima bila sumu hizo.

Ganzi ya ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukipinda au maneno yakikwama, haina maswali. Ni hospitali saa hiyohiyo.

Kwa zilizobaki, chukua daftari la mtoto. Weka kiganja juu ya karatasi, uchore kukizunguka kwa penseli, na daftari likae karibu na kitanda. Ukiamka na ganzi, kabla ya kukung'uta mkono, paka penseli pale tu unapoihisi, ukitenganisha nusu mbili za kidole cha pete. Chora mkono mwingine, na nyayo pia. Baada ya usiku tatu au nne, chana kurasa hizo, zikunje, uende nazo zahanati, na kabla hujaulizwa lolote zifungue mezani mbele ya tabibu.